Somo: Umeshinda kesi ya ajali lakini fidia ni ndogo? Kata rufaa hivi

Ndugu zangu, somo hili ni la wenye kesi za ajali za barabarani hapa Kenya. Inauma kushinda kesi kisha ukapewa pesa zisizolipa hata deni la hospitali.

Kwanza, hesabu siku. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 30. Usikae ukingoja nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi ichapwe. Wasilisha memoranda ya rufaa sasa, yaani hati inayotaja sababu zako za kukata rufaa; rekodi ya rufaa, yaani kitabu cha nakala za kesi, itafuata.

Pili, na hapa ndipo wengi huanguka: andika kosa la hakimu, usiandike uchungu wako. Kwa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Butt dhidi ya Khan, jaji hagusi kiasi cha fidia kwa sababu tu yeye angetoa zaidi. Mwonyeshe kwamba hakimu alifuata kanuni isiyofaa au aliuelewa vibaya ushahidi, ndiyo maana kiasi kikawa kidogo kupindukia. Tuseme daktari aliandika mfupa wa paja umevunjika na ulemavu wa kudumu ni asilimia 15, lakini hukumu inataja majeraha ya nyama tu. Hapo una rufaa. Itaje ripoti kwa ukurasa wake, na hukumu kwa aya yake.

Tatu, tafuta hukumu za karibuni zenye majeraha kama yako. Mkono uliovunjika usiulinganishe na mguu uliokatwa, utajiharibia. Hukumu ikiwa ya zamani, taja jinsi shilingi ilivyoshuka thamani.

MASWALI YENU

Mwalimu, risiti za dawa nilizisahau nyumbani siku ya ushahidi. Nizipeleke kwenye rufaa?

Pole sana, dada. Ushahidi mpya hukubaliwa kwa nadra mno, na kusahau hakutoshi. Gharama za dawa na hospitali sharti zidaiwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe tangu mwanzo. Wenye kesi zinazoendelea, toeni nakala za risiti leo. Wino wake hufifia.

Je, jaji anaweza kunipunguzia?

Anaweza, iwapo upande wa pili nao utaleta rufaa yake. Lipime hilo na wakili kwanza.

Yangu iliamuliwa na Mahakama ya Madai Madogo.

Huko rufaa ni ya hoja za kisheria pekee, na Mahakama Kuu ikishaamua, imekwisha. Usiandike "pesa ni kidogo". Andika ni kanuni gani mwamuzi aliivunja.