Mvua ikikukuta umeanika karafuu, usizirundike

Vuli iliyopita, katika kijiji kimoja cha Wete, Pemba, nilifunua turubai asubuhi nikapigwa na mvuke usoni. Chini yake kulikuwa na karafuu zilizorundikwa tangu mvua ya jana yake alasiri. Nikatia mkono katikati ya rundo: moto, utelezi, na harufu ya kitu kilichochacha. Bi mkubwa mwenye mali akanambia, "Mwanangu, si nimezifunika zisirowe?"

Kuzifunika alizifunika kweli. Lakini karafuu mbichi ikirundikwa hujipatia joto yenyewe, huchacha, na ikija kukauka huwa nyeupe na imenywea. Daraja la ubora limeshapotea hapo, na jua la wiki nzima halilirudishi.

Kosa hili ni la tangu zamani, ila sasa mvua haitupi nafasi. Hewa ikizidi joto kwa digrii 1 hubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na dunia imeshapanda zaidi ya digrii 1 tangu karne ya 19. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 hamjazisahau.

Basi chambua, yaani tenga karafuu na makonyo yake, siku ile ile ya mchumo. Gunia la karafuu mbichi lisilale limefungwa hata usiku mmoja. Hata mmoja! Najua mtaniambia mmechoka, mtachambua kesho. Anika kwa unene wa vidole viwili, usizidi sentimita 3, na ugeuze kila saa. Wala usitandike majamvi mengi kuliko yale ambayo watu waliopo nyumbani wanaweza kuyaingiza kwa dakika 10.

Wingu likitanda, ingiza ndani, kisha tandaza tena. Hapa ndipo wengi mnapoharibu. Tandaza ukumbini, barazani, popote penye paa, kwa unene ule ule, madirisha wazi, na uzipindue kila baada ya saa 2 mpaka mnapolala, kisha tena alfajiri. Turubai liinuliwe juu ya miti hewa ipite, lisilalie karafuu. Za leo zisichanganywe na zenye siku 3 juani, zitazirudishia unyevu.

Iliyokauka huvunjika ta! ukiikunja.

Kwa kawaida ni siku 4 hadi 5 za jua. Siku ya mvua usiihesabu. Na kama nyumba ni ndogo, punguza wachumaji: chuma kiasi kinachoenea sakafu yako.