Marrakech mpaka jangwani, usikate kwa siku moja

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaopanga kwenda Moroko kukodi gari, ramani ya simu isiwadanganye. Marrakech mpaka Merzouga kwenye michanga ya Erg Chebbi ni kama kilomita 560, karibu sawa na Mtwara–Dar, afu mtu anasema aah hiyo asubuhi natoka jioni nishafika. Sasa katikati kuna milima ya Atlas, pale Tizi n'Tichka barabara inapanda mpaka kama mita 2,260, kona juu ya kona na malori mbele yako, halafu kule wanaendesha kulia sio kushoto kama huku kwetu, dereva anachoka mapema. Bora mlale Ouarzazate au karibu na Aït Benhaddou (ngome ya udongo, urithi wa dunia tangu 1987), kesho yake bonde la Dades, ndo keshokutwa muingie jangwani jua bado lipo. Desemba mpaka Februari theluji inaweza kufunga njia ya mlimani, ulizeni kabla hamjatoka. Na masweta jamani, mtu wa pwani akisikia jangwa anabeba singilendi tu, usiku wa miezi hiyo mchangani utatetemeka.