Somo: Kuondoa sumu ya kromu kwenye majitaka ya kiwanda

Ukiona maji yametoka meupe pe, usiharakishe kuyafungulia. Meupe nayo huua samaki. Leo nachukua majitaka ya kiwanda kinachopaka metali kromu, kwa sababu hapo mpangilio wa hatua ndio kazi yenyewe.

Hatua ya 1. Tenganisha. Maji yenye sianidi (sumu kali inayotumika katika baadhi ya kazi za kupaka metali) yasikutane na ya asidi hata tone. Yakikutana hutoa gesi ya haidrojeni sianidi, na hiyo haikuachii muda wa kukimbia. Sianidi ina tangi lake na somo lake.

Hatua ya 2. Msumbufu ni kromu (VI), moja ya sura mbili za kromu tutakazokutana nazo hapa. Inayeyuka majini, ni sumu kali, na hata umwage gunia zima la chokaa haitulii chini. Igeuze kwanza kuwa kromu (III), sura yenye sumu ndogo zaidi: shusha pH (kipimo cha uasidi; chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) hadi 2 au 3 kwa asidi ya sulfuriki, kisha tia sodiamu metabisulfiti kidogokidogo huku ukikoroga. Simama uangalie, ila usiegemee tangini, maana gesi ya salfa dioksidi inakaba koo; feni iwe inazunguka. Unjano unafifia, maji yanakuwa kijani. Jicho lisikudanganye: pima kromu (VI) hadi ikose kuonekana kwenye kipimo.

Hatua ya 3. Pandisha pH hadi kati ya 8 na 9 kwa chokaa. Kromu inajikusanya kuwa tope la kijani. Ukipitiliza, tope linaanza kuyeyuka upya, na wengi huharibia hapa. Acha litulie, chuja. Tope ni taka hatari, msilipeleke shambani.

Hatua ya 4. Waulize viumbe. Chukua Daphnia, vidudu vidogo vya majini, wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa. Waweke kwenye maji yako yaliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali, na kundi moja kwenye maji safi. Baada ya saa 48 tikisa chombo taratibu, hesabu wasioogelea. Kundi la maji safi likipoteza zaidi ya asilimia 10, jaribio halifai. Kipimo cha kemikali hujibu ulichouliza tu. Daphnia huonja vyote.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini nisiongeze tu maji safi kiwango kishuke?*
Kromu inayofika mtoni ni ileile, ndugu yangu. Umeongeza bili ya maji tu.

*Kromu yangu haionekani kabisa, lakini Daphnia wote wamelala chini.*
Shuku metabisulfiti iliyobaki, hunyonya oksijeni. Puliza hewa, pima oksijeni, rudia. Wakilala tena, tafuta nikeli, metali nyingine inayotumika kupakia: kwa pH ya 8.5 nyingi bado imeyeyuka, inataka karibu 10.

*Si umesema pH ikipanda kromu inarudi?*
Ndiyo maana unachuja tope la kromu kwanza, halafu unapandisha pH kwenye tangi la pili. Na kabla ya kuwarudishia Daphnia, ishushe hadi 7 au 8, la sivyo utawaua kwa pH yenyewe ukasingizia nikeli.

*Tangi la pili sina.*
Basi tibu kwa mafungu: toa tope lote, rudisha maji humohumo, endelea.