Somo: Viashiria vya Utendaji Katika Zabuni za Usafi na Utunzaji wa Majengo ya Serikali

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma na wizara zikajengewa ofisi katika Mji wa Serikali wa Mtumba, kazi za usafi, utunzaji wa bustani, unyunyiziaji wa dawa za wadudu na matengenezo madogo ya majengo zimeongezeka sana hapa kwetu, na wanaozigombea wameongezeka zaidi. Zabuni nyingi za wanachama wetu hubeba maelezo yaleyale, kwamba kampuni ina uzoefu wa kutosha na wafanyakazi wenye weledi. Maelezo hayo hayapimiki, kwa hiyo kamati ya tathmini haina la kufanya nayo. Somo hili linaeleza namna ya kuweka mahali pake takwimu za kazi uliyokwisha kuifanya.

Hatua ya kwanza ni kusoma nyaraka za zabuni kabla ya kugusa takwimu zozote. Kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, tathmini hufanywa kwa vigezo vilivyotangazwa katika nyaraka hizo, na kamati haina ruhusa ya kukuongezea alama kwa jambo ambalo halikuulizwa, hata kama ni zuri namna gani. Orodhesha kila sharti linalohusu uzoefu, mpango kazi, idadi ya watumishi, vifaa na usimamizi wa ubora, kisha uandike pembeni ni takwimu ipi ya kwako inayolijibu. Sharti lisilo na takwimu litakuonyesha pengo lako, na takwimu isiyo na sharti iache nyumbani.

Hatua ya pili ni kuchagua viashiria vichache, yaani vipimo vinavyoonyesha kazi imefanyika kwa kiwango gani. Nchini Uingereza, sheria ya ununuzi iliyoanza kutumika Februari 2025 inataka mikataba mingi inayozidi pauni milioni 5 iwekewe viashiria visivyopungua vitatu. Ikiwa mikataba mikubwa kiasi hicho huanzia hapo, sioni kwa nini mkataba wa kufanya usafi katika ofisi ya ghorofa mbili uwe na viashiria ishirini. Kwa kazi zetu vinne vinatosha: asilimia ya ukaguzi uliofaulu, muda wa kuitikia wito wa mteja, mahudhurio ya wafanyakazi kwa zamu, na idadi ya malalamiko yaliyojirudia mahali palepale. Anayehudumia jenereta, viyoyozi au lifti aongeze cha tano, yaani uwiano kati ya matengenezo ya kinga yaliyofanyika kwa ratiba na yale ya dharura.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kupima kwa namna ambayo mtu mwingine akirudia hesabu atapata jibu lako. Asilimia bila idadi iliyotumika kuikokotoa haina thamani. Chukulia jengo lenye vyoo 24, kila kimoja kikikaguliwa mara nne kwa siku. Hizo ni kaguzi 96 kwa siku, na kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni kaguzi 2,112. Kama kaguzi 2,006 zilifaulu, kiwango chako ni asilimia 95 kwa kukadiria. Andika namba zote tatu, ueleze kilichohesabiwa kuwa kufaulu (sakafu kavu, sabuni ipo, maji yanatoka, pipa halijajaa), na utaje nani alikagua. Msimamizi wa zamu akijikagua mwenyewe, takwimu hiyo ni dhaifu. Ni afadhali ukaguzi mmoja kwa wiki unaofanywa pamoja na afisa utawala wa mteja.

Hapa Dodoma kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu yasiposhughulikiwa mapema. La kwanza ni vumbi: miezi ya kiangazi, upepo unapovuma katika viwanja ambavyo bado havijapandwa nyasi, dirisha lililofutwa asubuhi huwa na tabaka jekundu kabla ya saa sita mchana. Tenganisha takwimu za kiangazi na za masika, na uonyeshe uliongeza mizunguko mingapi ya kufuta vumbi katika kipindi hicho, kwa kuwa hilo linaonyesha kwamba unayafahamu mazingira kuliko mzabuni aliyenakili mpango kazi wa Dar es Salaam. La pili ni maji. Siku ambazo maji hayakutoka kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako ziandikwe na kusainiwa na pande zote mbili siku hiyohiyo, kisha zitolewe katika hesabu kwa uwazi. Ukizitoa baadaye bila kumbukumbu, utaonekana unapamba.

Hatua ya nne ni kupata uthibitisho. Kila mwisho wa mwezi andaa taarifa ya ukurasa mmoja, mpelekee mteja pamoja na hati ya madai, na uombe sahihi na muhuri. Barua ya mteja inayosema kwamba kazi iliridhisha ni nzuri, lakini barua inayotaja eneo, kipindi cha mkataba na viwango vilivyofikiwa ina uzito zaidi. Usisubiri tangazo la zabuni ndipo uanze kuiomba.

Hatua ya tano ni kuwasilisha. Katika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, jaza taarifa pale zinapohitajika, na katika mpango kazi weka jedwali fupi lenye kiwango ulichofikia, kiwango unachoahidi na namna kitakavyopimwa. Ahadi isizidi sana rekodi yako. Anayefikia asilimia 95 akaahidi 100 amejiwekea mtego, kwa sababu ahadi hiyo inaweza kuwa sehemu ya mkataba na kutumika kumkata malipo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kongwa: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana na hatujawahi kupata mkataba wa Serikali. Takwimu tutazitoa wapi?

Marahaba. Uzoefu wa shule binafsi, nyumba ya wageni au zahanati unapimwa kwa njia ileile, alimradi nyaraka za zabuni hazikutaka uzoefu wa taasisi za umma pekee. Fuatilieni pia zabuni za makundi maalumu, kwa kuwa sheria inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi itengwe kwa ajili ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Msibuni takwimu wala kuazima barua ya kampuni nyingine. Nyaraka ya kughushi inaweza kuwafanya mfungiwe na PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, kushiriki zabuni za umma.

Mwanachama wa Jijini: Je, takwimu nzuri zinaweza kutetea bei yangu iliyo juu kuliko ya wengine?

Ikiwa wazabuni waliokidhi vigezo vya kiufundi wanashindanishwa kwa bei peke yake, hapana, na ni heri ulijue hilo mapema. Faida yake iko katika kupanga bei sahihi. Kama rekodi zako zinaonyesha mfanyakazi mmoja hufanya usafi wa mita za mraba 250 kwa saa, sakafu ya mita 3,000 inahitaji saa 12 za kazi. Na kama katika zamu moja anapata saa tano za kazi halisi, unahitaji watu watatu, si watano. Kinyume chake, taasisi nunuzi ikiitilia shaka bei yako kwamba ni ya chini kupita kiasi na kukutaka uieleze, hesabu hiyo pamoja na mishahara isiyopungua kima cha chini cha kisheria ndiyo majibu yako.

Mwanachama wa Manyoni: Mteja wangu wa sasa huchelewesha malipo, wafanyakazi wanaacha kazi na mahudhurio yanashuka. Niziwasilishe takwimu hizo katika zabuni mpya?

Ziwasilishe kama mahudhurio yameulizwa, ukionyesha jinsi ulivyoziba nafasi na ilichukua siku ngapi. Usimlaumu mteja ndani ya zabuni. Tunza tarehe ya kila hati ya madai na tarehe ya malipo yake, upate wastani wa ucheleweshaji, kisha uutumie kukokotoa mtaji wa kuendeshea kazi: kama wastani ni siku 75, unahitaji fedha au barua ya mkopo wa benki inayolipa mishahara ya miezi mitatu kabla hujapokea shilingi. Nyaraka nyingi za zabuni huuliza uwezo wa kifedha, na hapo ndipo hesabu hiyo inapostahili kuwekwa.