Kutafuta upande usiojulikana wa pembetatu mraba: hesabu ya kombamoyo, ngazi na mnazi

Kombamoyo, yaani mti unaoshuka kutoka mgongo wa paa hadi pembeni kubeba makuti, likishakatwa fupi limeharibika, na mti wa mkoko si wa kuchezea. Mwongozo huu nawaandikia vijana wanaoingia kazi ya kuezeka makuti hapa Lamu, na mwanafunzi yeyote anayesumbuliwa na pembetatu darasani, kwani hesabu ni ileile. Ukijua pande mbili za pembetatu mraba, upande wa tatu haukisiwi. Unahesabiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha pembe ni mraba

Kanuni hii inataka pembe moja iwe na digrii 90. Katika Mji wa Kale usiuamini ukuta kwa macho. Nyumba zimejengwa zikifuata vichochoro na kuta za majirani, na kona nyingi za juu ya dari, yaani juu ya paa bapa la nyumba, haziko mraba.

Kutoka kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja utie alama. Pima mita 4 upande wa pili, tia alama. Kisha vuta futi, ile kamba ya kupimia, kutoka alama hadi alama. Ikisoma mita 5 kamili, kona ni mraba. Ikizidi, kona imepanuka, ikipungua, imejibana. Mwenzako ashike ncha palepale kwenye alama, na futi ikazwe, maana ikilegea katikati itasoma zaidi ya urefu wa kweli.

Kanuni hii imeshika jina la Pythagoras, Mgiriki wa kale, lakini Wababeli walikwisha kuandika jedwali la namba za aina hii, kama 3, 4 na 5, kwenye kibao cha udongo karibu mwaka 1800 KK, zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Hatua ya 2: Utambue upande mrefu

Ni ule unaotazamana na pembe mraba, usioigusa kona hiyo kabisa. Kwenye paa, upande mrefu ni kombamoyo. Kwenye ngazi iliyoegemea ukuta, ni ngazi yenyewe.

Tulia hapa kabla hujashika simu upige hesabu, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwa wanaojifunza yanaanzia hapa. Kanuni inasema: zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, jumlisha majibu mawili, utapata upande mrefu uliozidishwa kwa wenyewe. Basi jiulize swali moja tu: ninaoutafuta ndio mrefu? Kama ndio, utajumlisha. Kama mrefu unaujua tayari, utatoa.

Hatua ya 3: Ukiutafuta mrefu, jumlisha

Tuseme banda la makuti juu ya dari lina upana wa mita 6, na mgongo wa paa umeinuka mita 3 juu ya miti ya pembeni inayolaliwa na makombamoyo. Usichukue mita 6 nzima. Kombamoyo linaishia katikati, kwa hiyo upande wa chini ni mita 3.

3 × 3 = 9
3 × 3 = 9
9 + 9 = 18

Sasa tafuta kipeuo cha pili cha 18, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 18. Bila kikokotoo, jaribu: 4.2 × 4.2 ni 17.64, imepungua, 4.3 × 4.3 ni 18.49, imepita, 4.24 × 4.24 ni 17.98. Basi ni mita 4.24.

Huo si urefu wa kukata. Ongeza mchirizi, yaani ncha ya chini inayotokeza nje, tuseme sentimita 60, ukiupima kwa kufuata mteremko wenyewe. Ongeza na sentimita 10 za kupishana pale juu. Jumla ni mita 4.94, kwa hiyo tafuta mazio, yaani miti ya mkoko, ya mita 5.

Paa hili lina mteremko wa digrii 45, na mimi sipendi kulaza makuti chini ya hapo. Maji yasiposhuka upesi yanapenya, na makuti yanaoza mapema. Kwa digrii 45 ipo njia ya mkato: zidisha nusu ya upana kwa 1.414.

Hatua ya 4: Mrefu ukiujua, toa

Una ngazi ya mita 5.2, na kichochoro hakikuruhusu kuuweka mguu wake zaidi ya mita 1.3 kutoka ukutani. Ukuta una mita 4.8. Je, itafika?

5.2 × 5.2 = 27.04
1.3 × 1.3 = 1.69
27.04 − 1.69 = 25.35

Kipeuo chake ni 5.03, kwa hiyo inafika na kupita kidogo. Angejumlisha mtu, angepata mita 5.36, yaani ngazi ifike juu kuliko urefu wake! Liweke hilo kichwani: upande mfupi ukikutokea mrefu kuliko ule mrefu, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 5: Ukiwa na upande mmoja na pembe

Mnazi huwezi kuuvulia futi hadi kileleni. Simama mita 12 kutoka kwenye shina, mahali tambarare, upime kwa programu ya simu pembe ya kutazama kilele. Tuseme ni digrii 35. Tanjenti ya pembe ni kimo ukikigawa kwa umbali, na kwenye kikokotoo cha simu imeandikwa tan. Tanjenti ya 35 ni 0.70, na 12 × 0.70 ni mita 8.4. Kipimo hicho kimeanzia jichoni, kwa hiyo ongeza kimo cha jicho lako kutoka ardhini. Jicho likiwa mita 1.6, mnazi una mita 10. Kama mnazi umeinama, simama ubavuni mwake, mahali ambapo mnazi hauinamii kwako wala upande ule wa pili, na mita 12 uzihesabu kutoka chini ya kilele, si kutoka kwenye shina.