Utando wa polima wa kupuliza kwenye paa la mgodi: namna ya kuutengeneza ukashika kweli

Wengi wakianza kutengeneza utando wa kupuliza kwa ajili ya paa la mgodi wanakimbilia nguvu ya polima yenyewe, yaani ile plastiki inayopulizwa ikaganda, wanataka kitu ambacho ukikivuta hakikatiki, wanapata kabisa maabara na wote wanafurahi, halafu wakipeleka chini unabanduka mzima mzima na kuanguka na vumbi la mwamba mgongoni. Polima haikukatika. Haikushika. Kwa hiyo anza na kushika, mengine yafuate.

Kwanza elewa kazi yake, maana hapa ndipo watu wanauzidishia mzigo. Utando wenyewe una milimita 3 mpaka 5 hivi, haubebi mlima, mlima unabebwa na boliti zilizozama ndani ya mwamba. Utando unashika mawe yaliyoko kati ya boliti na boliti, unayazuia yasianze kucheza, kwa sababu jiwe moja likichomoka majirani zake wanakosa pa kuegemea na wao wanafuata. Pia unauziba mwamba usipate hewa yenye unyevu, na kwa miamba ya tope ile inayomumunyuka ikiguswa na unyevu, hiyo peke yake ni kazi kubwa. Na sababu ya watu kuutaka ni usafirishaji: mita za mraba 100 kwa unene wa milimita 5 ni lita 500 tu, wakati zege la kupuliza la milimita 50 kwa eneo hilo hilo ni lita 5,000 na bado hujahesabu linalodunda na kumwagika chini. Kwenye njia nyembamba iliyo mbali na shimo la kushukia, tofauti hiyo ni siku nzima ya kazi. Ndiyo maana Kanada walianza kuhangaika na wazo hili tangu miaka ya 1990 mwanzoni.

Sasa piga hesabu hii kabla hujanunua hata ndoo moja ya resini, malighafi ya huo utando. Chukua bonge la mwamba lenye kitako cha mita 1 kwa mita 1 na urefu wa mita 1. Mwamba mgumu una tani 2.7 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bonge hilo linavuta chini kwa kama kilonyutoni 26 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu ya kuvuta). Mzingo wake ni mita 4, yaani kila mita ya mzingo inabeba kilonyutoni 6.6. Utando wa milimita 4 ambao polima yake inahimili megapaskali 5 (nguvu kwa kila eneo) hauchaniki mpaka ufike kilonyutoni 20 kwa mita, safi sana. Lakini gundi, yaani kule utando kushika mwamba, haifanyi kazi eneo lote, inafanya kazi kwenye ukanda mwembamba tu pembeni mwa ufa unaolizunguka bonge, tuseme milimita 5, na kama inashika kwa megapaskali 1 basi una kilonyutoni 5 kwa mita, na bonge linataka 6.6. Linabandua. Na likishaanza kubandua linaendelea kuchuna mpaka likutane na sahani ya boliti. Ukiongeza nguvu ya polima mara mbili hapo hujabadilisha kitu chochote, ukiongeza mshikamano umebadilisha kila kitu.

Kwenye kemia kuna njia kuu mbili. Kuna poliyurethani na poliyurea, zinaganda kwa sekunde au dakika chache, na kuna mchanganyiko wa saruji na polima unaochukua masaa kupata nguvu. Mimi ningeanza na wa saruji popote ambapo mgodi unaweza kusubiri, kwa sababu unavumilia mwamba wenye unyevu na sumu yake ni ndogo. Hizi za kuganda haraka zina kemikali iitwayo isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji inatoa kaboni dayoksaidi, utando unajaa mapovu ndani na unakuwa sponji dhaifu. Halafu kuna mapafu ya watu: isosayaneti inaleta pumu, na mtu akishapata mzio wake hata kiasi kidogo sana kinamwangusha, kwa hiyo mpulizaji avae kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje na wenzake wakae mbali mpaka hewa isafishwe, bila mjadala.

Moto usiuache wa mwisho. Mwaka 1986 kwenye mgodi wa dhahabu wa Kinross, Afrika Kusini, povu la poliyurethani lililokuwa ukutani lilishika moto wakati wa kazi ya kuchomelea, na moshi wake wenye sumu uliua watu 177. Chini hakuna dirisha, moshi unafuata njia ile ile ya hewa wanayovuta watu. Kwa hiyo kila fomula ipimwe jinsi moto unavyotambaa juu yake na moshi wake una nini, na kama imefeli itupwe hata kama inashika vizuri namna gani. Angalia pia kwamba dawa za kuzuia moto ukizijaza nyingi zinapunguza mshikamano, hivyo kila ukibadilisha kiasi rudia kipimo cha kuvuta.

Kuhusu ulaini, usidanganyike na polima inayovutika sana. Ikivutika mara mbili ya urefu wake kabla haijaanza kubeba, mawe yameshaachana na ile kuegemeana imekwisha. Unataka iwe ngumu mwanzoni, halafu ikizidiwa inyooke taratibu badala ya kupasuka ghafla.

Kipimo kikuu ni cha kuvuta: unakata duara kwenye utando mpaka kwenye mwamba, unagundisha kisahani cha chuma, unavuta mpaka kitoke. Namba andika, ila angalia zaidi imevunjikia wapi. Ikitoka na jiwe, mwamba ndio dhaifu na gundi yako iko vizuri. Ikitoka safi pale kwenye mgusano, una tatizo. Na usitesti kwenye kigae cha zege safi! Tumia mwamba wa mgodi huo huo, uloweshe, upake vumbi, upake na masizi ya dizeli na mafuta ya mashine ya kuchoronga, maana ndivyo utakavyoukuta. Halafu ning'iniza mzigo wa kudumu kwa wiki kadhaa kwenye joto la mwamba wenyewe, kwa sababu polima inanyooka polepole chini ya mzigo hata mdogo, na mgodi wa kina kirefu una mwamba wa moto.

Ukishuka kujaribu, chagua sehemu ambayo tayari ina boliti na wavu. Angusha mawe yaliyolegea, osha kwa maji ya presha kubwa, acha yachuruzike. Panapovuja toboa tundu la kutolea maji, vinginevyo presha ya maji itausukuma utando kutoka nyuma. Pampu za sehemu mbili, zile zinazochanganya kemikali mbili, cheki uwiano kila siku, hozi ikipoa upande mmoja uwiano unayumba na unabaki na mabaka yanayonata ambayo hayatakauka kamwe. Puliza mara mbili kwa rangi mbili tofauti, ya kwanza ikionekana popote ujue pamepungua, na mara nyingi ni kwenye kona kali za mwamba ambako utando unakimbia na kubaki mwembamba. Mkono wa mashine upulize, mtu abaki chini ya paa lililoshikwa.

Baada ya kila ulipuaji wa karibu rudi ugonge kwa fimbo. Panapolia kama pana uwazi nyuma pameachia, kata mpaka ufike panaposhika, osha, puliza upya.