Kupiga picha neuroni za GFP: mwili wa seli usiungue, miiba isipotee

Katika neuroni (seli ya neva) yenye GFP, yaani protini inayong'aa kijani ikimulikwa, mwili wa seli unaweza kung'aa mara mia au zaidi kuliko miiba ya dendraiti, vijitokezo vidogo kwenye matawi ya seli. Ukiipanga kamera kwa ajili ya mwili, miiba inazama kwenye kelele. Ukiipanga kwa ajili ya miiba, mwili unageuka doa jeupe, na pikseli ikishajaa hakuna programu ya kuirudishia kipimo chake.

Piga sehemu ileile mara tatu, milisekunde 10, 80, kisha 640, halafu uziunganishe ziwe picha moja. Badilisha muda tu; taa na geini ya kamera (ukuzaji wa mawimbi yake) zisiguswe, na marekebisho yote ya otomatiki yazimwe. Anza na muda mfupi, kwa sababu GFP hufifia kila inapomulikwa. Ili kuhakikisha picha fupi haijajaa popote, ifungue kwenye Fiji, programu ya kuchambua picha, kwa rangi za HiLo: nyekundu ni pikseli iliyofika kikomo. Angalia kikomo chenyewe, maana kamera ya biti 12 huhifadhi faili la biti 16 lakini hujaa kwenye 4095, na HiLo ikipangwa hadi 65535 haitaonyesha nyekundu hata kidogo.

Hatua inayorukwa sana ni picha za giza. Ziba njia ya mwanga, upige moja kwa kila muda. Kamera nyingi za sCMOS, aina ya kamera za hadubini, huongeza namba ya msingi, mara nyingi karibu 100, kwenye kila pikseli. Bila kuitoa, ukigawanya kwa muda, picha ya milisekunde 10 inabeba ziada ya 10 na ile ya 640 inabeba 0.16 tu, hivyo mahali picha zinapoungana mwangaza utaruka ghafla kama ngazi.

Kwanza weka alama kwenye pikseli zilizozidi asilimia 90 ya kikomo katika picha ghafi. Kisha geuza picha ziwe za biti 32, toa giza, gawanya kwa muda. Kila pikseli ichukue thamani kutoka picha ndefu kuliko zote ambayo haina alama hapo. Sampuli ikiwa imesogea, pangilia picha kabla ya kuunganisha.

Ili kukagua kazi, pima eneo lisilo na alama katika picha mbili zinazofuatana, giza likiwa limetolewa lakini kabla ya kugawanya: uwiano wa ndefu kwa fupi uwe 8. Ukiwa chini, ama GFP imefifia ama giza halikutolewa. Ukiwa juu, shuku shata ya kimitambo, ambayo hula sehemu ya milisekunde 10 ikifunguka. Tumia LED inayowashwa na kamera yenyewe.

Ukungu unaozunguka mwili wa seli hautaondoka kwa njia hii, kwa hiyo miiba iliyo karibu nao usiihesabu. Kuuondoa ni kazi ya konfoko, hadubini inayozuia mwanga ulio nje ya fokasi. Gama ya 0.5, marekebisho yanayong'arisha sehemu hafifu, iwe kwenye nakala ya kuonyesha tu, na itajwe chini ya picha. Vipimo vichukuliwe kwenye TIFF ya biti 32, kamwe si JPEG.